Nilivyokuwa Ulimi wa Baba

Sehemu ya Tano

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilivyoingia kwenye nyumba ile ya Kilole, Korogwe. Kwa aliyefungua gazeti leo, nitasema kwa kifupi asipotee.

Mimi ni Mwantumu, fundi cherehani wa Chanika, Handeni. Baba yangu mzazi ni Mwinjuma Mhina, mfanyabiashara wa Korogwe na mwenyekiti wa benki ya wakulima, ambaye watu walimwita Mzee wa Benki. Alituacha Handeni, mimi na mama, nikiwa na miaka mitano. Kwa miaka thelathini na moja hakukanyaga mlango wetu. Kisha asubuhi moja mwanawe wa Korogwe, Sabiri, alinikuta barazani nakata sare za shule, akaniambia baba ananihitaji.

Nilidhani nakwenda kuombwa radhi. Kumbe nakwenda kufanywa mkalimani.

Kiharusi kilikuwa kimempiga baba upande wa kulia, kikamfutia Kiswahili chote. Kilichobaki mdomoni mwake ni Kizigua alichonyonya kwa mama yake. Mkewe wa Korogwe, Mwanaisha, ni mtu wa Kondoa, na watoto wao hawakufundishwa hata salamu ya kwetu. Wazigua wamejaa Korogwe, ni kweli. Lakini wangemwita jirani, habari ingefika sokoni kabla ya adhuhuri, na watu wangekwenda kupanga foleni benki watoe fedha zao. Walitaka Mzigua wa damu, wa kuwekwa ndani.

Basi niliwekwa ndani. Simu yangu ilitiwa kabatini kwa Mwanaisha "isikusumbue." Geti lilikuwa na kufuli mchana kutwa. Nilipouliza nitaondoka lini, niliambiwa siku Mzee atakapotaja mrithi wa kiti chake. Kila asubuhi niliamka nikisikia mabasi yakipiga honi barabara kuu, nikajua moja kati ya hayo linakwenda Handeni bila mimi.

Leo nasimulia siku ya kumi na saba. Ni siku niliyotenda kosa langu, na silisingizii shetani.

Siku hiyo uvumi ulizuka kwamba Mzee wa Benki amekufa na familia imemficha. Kufikia saa nne, mstari wa watu ulikuwa umetoka mlango wa benki mpaka barabarani. Sabiri alirudi nyumbani kwa haraka, ameongozana na wakili kutoka Tanga.

"Tunamrekodi Mzee," alisema huku akifuta kioo cha simu yake kwa shati. "Jumamosi kuna mkutano wa dharura wa wanahisa. Wakili anataka ushahidi kuwa yu hai na ametaja mtu. Wewe utatafsiri."

Mwanaisha alikuwa anamvisha baba kofia.

"Mama mdogo," nilimwambia, "Mzee amechoka. Tungemwacha mpaka kesho."

"Mdogo kwa nani?" aliuliza bila kugeuka. "Mama yako aliachwa. Mimi sina mkubwa."

Nikamwekea baba mto mgongoni. Kwa siku kumi na saba nilikuwa nimejifunza kunyamaza vizuri.

Wakili alikaa mguuni mwa kitanda. "Muulize, nani anataka awe mwenyekiti wa benki baada yake?"

Nikamuuliza kwa Kizigua. Baba alinitazama. Jicho lake la kulia lilikuwa likitoa machozi lenyewe tangu augue, kwa hiyo sikuweza kujua kama analia. Kisha akaanza kusema, neno moja moja, kama mtu anayeokota mawe shambani.

Nayaandika kwa Kiswahili.

"Zaituni sikumwacha. Barua ile si yangu. Sikuiandika, sikumtuma mtu. Nilirudi Handeni na gari nije nimchukue yeye na mtoto, nikakuta ameolewa na Kasmiri. Niliona aibu kuuliza. Nikageuza gari. Zaituni ni mke wangu mpaka leo. Mwambieni."

Zaituni ni mama yangu.

Lazima mnielewe hapa. Baba alipotoka Handeni na baiskeli yake ya kubebea mahindi, alimwahidi mama miezi sita. Ikawa miaka miwili. Mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano mama akapata barua ya talaka yenye jina la baba. Akakaa eda, ikaisha, na mwaka uliofuata akaolewa na Mzee Kasmiri. Huyo ndiye aliyenilea. Ndiye aliyeninunulia cherehani yangu ya kwanza kwa mahindi ya msimu mzima. Wamezaa watoto wawili, na wa mwisho, Yusra, alikuwa ameshatolewa mahari. Ndoa ilikuwa mwezi unaofuata.

Sijasoma dini kiasi cha kuamua mambo haya. Lakini nawajua watu wa kwetu. Wangesema mama ameishi miaka yote hiyo na mwanamume asiye mumewe. Wangemtazama Yusra kwa jicho la pembeni, na waliotoa mahari wangetuma mtu kuja kuuliza maswali.

Na upande wa pili, baba akifumba macho, mama yangu angekuwa mrithi halali wa mmoja wa matajiri wa Korogwe. Mama ambaye mvua ikinyesha anasogeza kitanda.

Yote hayo yalikuwa yamekaa juu ya ulimi wangu mmoja.

"Amesema nini?" Sabiri aliuliza. "Mbona maneno mengi?"

"Amesema," nilianza. "Amesema kiti ni cha Sabiri. Amesema Mzee Kaleb ni ndugu yake wa biashara, lakini Sabiri ni damu yake. Anayempenda yeye amfuate Sabiri."

Wakili aliandika. Mwanaisha alishusha pumzi. Sabiri alizima simu akanishika bega, mara ya kwanza tangu anijue, akaniita dada.

Hakuna aliyenishikia panga. Nilisema uongo ule ili nisimvunjie mama nyumba, na pia ili nifunguliwe geti nikashone sare zangu. Mpaka leo sijui sababu ipi ilikuwa ya kwanza.

Jambo moja nilikuwa nimelisahau. Daktari alituambia kuwa Mzee anasikia Kiswahili zaidi ya anavyoweza kukisema.

Baba aliutoa mkono wake wa kushoto, ule mzima, mkononi mwangu. Mchana nilimpelekea uji, akafunga mdomo. Mwanaisha alipokichukua kijiko, akala. Jioni nilimsalimu kwa Kizigua, akageukia ukutani. Tangu hapo hakunisemesha tena. Nyumba nzima ilinishikilia kwa sababu ya maneno yake, na sasa maneno yenyewe alikuwa ameninyima.

Sikumwambia mtu. Kila nilipoulizwa "Mzee anasemaje leo?" nilijibu, "Anasema amechoka."

Uongo wa pili huwa mwepesi.

Alhamisi Sabiri aliingia chumbani kwa baba akiwa na furaha. Nilikuwa nakunja nguo.

"Dada, ile video tutaionyesha ukumbini. Tumekodi projekta. Sura ya Mzee itajaa ukuta mzima."

"Si ulisema ni ya wakili?"

"Nimebadilisha. Hebu fikiria. Nusu ya wanahisa wetu ni Wazigua wa Handeni. Watamsikia wenyewe, kwa masikio yao, kwa lugha yao. Mzee Kaleb atabisha nini tena?"

Alitoka akipiga mluzi. Mimi niliendelea kulikunja shati lilelile mpaka likawa dogo kama leso.

Nimemtaja Mzee Kaleb, nimweleze. Ni Msambaa wa Lushoto, mwenzake baba tangu ujana. Mmoja alishusha maharage kutoka milimani, mwingine akaleta mahindi kutoka Handeni, wakakutana Korogwe wakanunua lori la ubia. Wakulima wakaanza kuwaachia fedha za mavuno kwa sababu Kaleb alikuwa na sanduku la chuma na Mwinjuma alikuwa hadanganyi mizani. Hivyo ndivyo benki ilivyozaliwa. Jina lake kwenye bango ni refu, lakini wakulima waliiita Benki ya Mahindi, na kila mwenye debe mbili tatu za ziada alinunua hisa. Mzee Kasmiri anazo kumi. Angekuwepo ukumbini. Na mama hukaa naye kila mkutano, kwa sababu baada yake hupitia sokoni.

Ijumaa Mzee Kaleb alikuja kumjulia hali baba. Mwanaisha alimkaribisha sebuleni, akaniita nimwamkie, akaenda kuchukua chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Zaituni. Umemchukua mpaka paji la uso." Alitazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. "Wiki ya tatu hii sijavushwa sebule. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Kwa sababu Kishambaa na Kizigua ni mtu na mdogo wake. Akisema Mwinjuma, mimi nitaelewa. Wanasema amemtaja Sabiri."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa maneno gani? Nisemee kwa Kizigua, kama alivyotamka yeye."

Nilifungua mdomo nikaunganisha sentensi. Hata mimi niliisikia ilivyo. Ilikuwa Kiswahili kilichovaa nguo za kuazima.

Mzee Kaleb hakukasirika. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwinjuma hajawahi kuzungumza hivyo," alisema. "Mimi kiti sikitaki, mwanangu, magoti yangu yenyewe yananishinda. Lakini ule ukumbi kesho utajaa watu wa kwenu. Kama ndani ya hiyo video kuna jambo jingine, mwambie kaka yako leo."

"Nitamwambiaje, mzee?"

"Kwa Kiswahili," alinijibu.

Mwanaisha akaingia na chai. Tukazungumzia mvua.

Mzee yule aliniwahi. Pale getini, wakati wa kuaga, alimshika Sabiri mkono akamwomba asiionyeshe video. Niliona dirishani Sabiri akiutoa mkono wake. Aliporudi ndani, nilimfuata sebuleni.

"Kaka, video usiionyeshe."

Alinigeukia polepole. "Kaleb amekuambia."

"Hapana. Mzee alitaja mambo mengine mle. Alimtaja mama yangu."

Nilitegemea atashtuka. Sabiri alitabasamu. "Ndiyo hayo tu? Wazee wakiugua huwataja wanawake wao wa zamani. Watu watamwonea huruma. Ni vizuri zaidi."

"Kaka, nisikilize..."

"Wewe nisikilize. Nilikufuata Handeni, nimekulisha, nimekuita dada. Kaleb amekaa nawe dakika tano, na sasa unasema maneno yake. Kesho utakaa mbele karibu nami, na mtu akiuliza, utarudia ulichosema mbele ya wakili. Baada ya hapo nenda unakotaka."

Ningeweza kusema pale pale kwamba nilidanganya. Sentensi moja tu. Niliitafuta. Badala yake nilisema, "Sawa, kaka."

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa tatu. Basi dogo lililokodiwa kutoka Handeni lilishusha watu mlangoni, nami kutoka meza ya mbele niliwaona wakiingia mmoja mmoja. Mzee Kasmiri na kanzu yake ya Ijumaa. Yusra. Kisha mama, amebeba kapu la sokoni. Aliponiona alinyanyua mkono akanipungia mbele ya watu wote, kwa sababu alikuwa hajanisikia siku ishirini.

Nilitaka kumkimbilia. Kushoto kwangu alikuwa wakili, kulia Sabiri, na Mwanaisha safu ya mbele, magoti yake karibu yaguse meza. Mzee Kaleb alikaa mwisho wa meza, ameinamisha kichwa.

Sabiri alisema maneno machache. Taa zikazimwa.

Sura ya baba ilitokea ukutani, kubwa kama mlango wa godauni. Watu walinong'ona kuwa yu hai. Wengine wakapiga makofi. Kisha akaanza kusema, na Wazigua wakanyamaza kabla ya wengine.

Alipofika kwa mama nilijua kwa vichwa. Kwanza waligeuka wazee wa mbele, kisha wanawake, kisha ukumbi wote, hata wasiojua lugha, kwa kufuata wenzao. Wote walikuwa wanamtafuta Zaituni. Mama alikuwa amekumbatia kapu lake na anatazama ukutani, midomo yake ikirudia maneno ya baba bila sauti.

Halafu ikaja sauti yangu mimi, safi kabisa, kwenye spika mbili. "Amesema kiti ni cha Sabiri."

Mzee mmoja alichekea puani. Mwingine akauliza, "Huyu binti anatafsiri nini?"

"Wanacheka nini?" Sabiri aliniuliza kwa mnong'ono. "Mwantumu, wanacheka nini?"

Nikasimama. Nilichukua kipaza sauti mezani kabla wakili hajanizuia.

"Nilidanganya," nilisema. "Baba hakumtaja Sabiri. Hakuitaja benki kabisa."

Nikayasema yote kwa Kiswahili. Barua isiyo yake, gari lililogeuzwa, mke ambaye hakumwacha. Nilipomaliza, mtu wa kwanza kuzungumza alikuwa Mwanaisha.

"Rudia aliponitaja mimi."

"Mama..."

"Mimi nimemlaza na kumwamsha. Alisema nini kunihusu?"

Nilitamani kumdanganya hata yeye. Ningeweza, nilikuwa nimeshazoea.

"Hakukutaja, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Sabiri alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, anaitazama, hajui aiweke wapi.

Sasa kelele zilikuwa zimeanza. Watu wa Handeni walisimama. Mwanamke mmoja nyuma alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole miaka ya ndoa ya mama yangu. Yusra alijifunika uso kwa mtandio. Nami nikafikiri kwamba basi, nimefika mwisho wa mabaya. Nimemvunja mama, nimemvunja Mwanaisha, nimemdhalilisha mgonjwa, na bado sijapata njia ya kutoka kwenye meza ile.

Ndipo Mzee Kasmiri akainuka.

Watu walimpisha. Wengi walidhani anatoka kwa aibu. Hakwenda mlangoni. Alikuja mbele, polepole, mpaka mezani, akaninyooshea mkono.

"Mwantumu, mwanangu. Nipe hicho."

Nilimpa kipaza sauti. Nilidhani anataka kumtetea mama. Hivyo ndivyo alivyokuwa maisha yake yote, mtu wa kutetea.

"Barua ile niliandika mimi," alisema.

Watu wa Handeni waliokuwa wamesimama wakaketi mmoja mmoja.

"Nilikuwa karani wa kijiji. Barua zote za watu zilipita mkononi mwangu, na Mwinjuma alikuwa na miaka miwili hajaandika hata moja. Zaituni alikuwa anakonda. Nilijiambia namfungulia mlango mwanamke aliyefungiwa. Nikaandika, nikatia jina, nikampelekea mwenyewe nikasema imeletwa na watu wa lori." Alivua kofia. "Miaka yote nimejiambia ulikuwa wema. Haukuwa wema. Nilimtaka."

Alikuwa anasema na ukumbi, lakini macho yake yalikuwa kwa mama.

Mtu huyu ndiye niliyemsemea uongo nisimvunjie nyumba.

Mama aliweka kapu chini. Alitoa mkono wa Yusra begani kwake, taratibu, akatembea katikati ya viti. Alipofika mbele, hakumtazama Mzee Kasmiri, wala Sabiri, wala ukuta ambapo sura ya baba ilikuwa bado imeganda, mdomo wazi. Alinitazama mimi.

"Kilole ni mbali?"

"Si mbali, mama."

"Nipeleke kwa mume wangu."

Mzee Kasmiri alimnyooshea mkono. Mama alipita pembeni yake kama mtu anayeipita nguzo. Nilimfuata. Na tulipoinua macho kuelekea mlangoni, Mwanaisha alikuwa ameshafika pale, amesimama katikati, anamngoja mama.